Jinsi JUnit Ilivyojengwa

Mwaka 1997 Kent Beck na Erich Gamma walipanda ndege Zurich kwenda Atlanta, Marekani, kuhudhuria OOPSLA, mkutano uliowakutanisha kila mwaka wajenzi wa programu za objekti. Walikuwa na kompyuta ya mpakato na lugha ya Java, ambayo bado ilikuwa changa. Wakakaa wawili mbele ya kioo kimoja wakaanza kuandika programu ndogo ya kupimia programu nyingine, na kila kipande walikitungia jaribio kwanza ndipo wakakiandika. Hapo ndipo JUnit ilipozaliwa. Leo ni vigumu kumpata mwandishi wa Java ambaye hajawahi kuigusa.

Msimbo wake wa awali ni mfupi. Unaweza kuusoma wote jioni moja, na mimi huurudia kila ninapohisi nimeanza kujenga mambo makubwa kuliko haja. Baadaye Beck na Gamma waliandika makala ya kueleza ujenzi wake kuanzia patupu: tatizo la kwanza na ruwaza yake, yaani suluhisho linalorudiwa kila tatizo la aina hiyo linapotokea, tatizo la pili na ruwaza yake, mpaka kiunzi kizima kikasimama. Nataka kuufuata mwendo huo polepole. Watu wengi hukutana na ruwaza za usanifu zikiwa orodha ya kukariri kwa ajili ya mtihani au usaili wa kazi, wakatoka wakidhani ni nakshi za kupachika. Humu unaziona zikiingia moja moja, na kila moja inaingia pale tu kazi inapokwama bila yake.

Wawili hao walikuwa na historia na ruwaza. Gamma, Mswisi, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Zurich kutokana na ET++, kiunzi cha lugha ya C++ alichokijenga pamoja na André Weinand. Katika kazi hiyo aliona masuluhisho yaleyale yakijirudia mahali tofauti, akaanza kuyaandika. Akaungana na Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, na mwaka 1994 wakatoa kitabu chenye ruwaza 23. Hawakudai kuzibuni. Kila ruwaza ina sehemu inayotaja programu halisi ambamo tayari ilikuwa ikitumika, angalau mbili, kutoka nyanja tofauti. Kazi yao ilikuwa kusoma misimbo ya watu wengine kwa miaka, kutambua kinachojirudia, na kukieleza kwa usahihi kiasi kwamba mtu wa tatu aweze kukitumia.

Beck alikuwa ametangulia kidogo. Mwaka 1987 yeye na Ward Cunningham walipeleka kwenye OOPSLA ya Orlando ruwaza tano za kupanga madirisha ya programu za lugha ya Smalltalk. Wazo walilichota kwa msanifu majengo Christopher Alexander wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye pamoja na wenzake alitoa mwaka 1977 kitabu chenye ruwaza 253 za miji, nyumba na vyumba. Mojawapo inataka kila chumba kipate mwanga kutoka pande mbili. Ukiisoma, unakuta haianzi na dirisha. Inaanza na watu: mwanga wa upande mmoja huumiza macho na kuzitia nyuso kivuli, hata anayezungumza nawe humsomi vizuri usoni, na watu wakipewa hiari hukihama chumba cha namna hiyo. Dirisha la pili linakuja mwishoni, msomaji akiwa ameshaona mwenyewe kwa nini linahitajika. Mpangilio huo ndio uliohamia kwenye programu: shida kwanza, kisha mivutano iliyomo ndani ya shida, kisha suluhisho pamoja na gharama zake.

Sasa twende kwenye msimbo.

Swali la kwanza ni hili: jaribio ni kitu gani? Mwandishi wa programu hujaribu kazi yake kutwa nzima. Huchapisha thamani kwenye kioo aone kama ni sahihi, husimamisha programu katikati akachungulia yaliyomo, huandika mistari miwili mitatu ya muda kisha akaifuta. Majaribio hayo hufa siku ileile. Wiki ijayo msimbo ukibadilishwa, hakuna kinachobaki cha kuthibitisha kwamba jambo lililofanya kazi jana bado linafanya kazi leo. Ili jaribio lidumu lazima lishikike, litunzwe, lipewe jina, liitwe tena wakati wowote. Katika programu za objekti, kinachoshikika ni objekti yenyewe.

Ruwaza inayobeba shida hiyo huitwa Amri. Unachukua tendo, unalifunga ndani ya objekti, kisha objekti unaipa methodi moja ya kulitekeleza. Kitabu cha 1994 kinaionyesha Amri kwenye menyu: kila kipengele cha menyu kimeshika amri yake, na amri zilizokwisha kutekelezwa hupangwa ili mtumiaji aweze kuzitengua. Kwenye majaribio hakuna haja ya kutengua, kwa hiyo Beck na Gamma walilichukua lile la msingi wakayaacha mengine. Ikatokea klasi dhahania, TestCase, yenye methodi inayoitwa run.

Kikaongezwa kitu kimoja tu: jina. Kila TestCase huzaliwa ikiwa na jina lake, limehifadhiwa kwenye uga uitwao fName. Ni jambo dogo, lakini jaribio lisilo na jina likishindwa hukuachia kazi ya kutafuta lilipo. Lenye jina hukuambia lenyewe.

Mfano ambao waandishi hao waliupenda ni wa fedha. Kuna klasi ya kuwakilisha kiasi cha fedha pamoja na sarafu yake, na jaribio la kuhakikisha kwamba faranga 12 za Uswisi zikijumlishwa na faranga 14 zinakuwa faranga 26. Klasi ya majaribio inaitwa MoneyTest, na jaribio hilo linaitwa testSimpleAdd. Nitalishika hilohilo mpaka mwisho.

Shida ya pili inaonekana mara tu unapoandika jaribio la pili. Kabla ya kujumlisha, lazima zile faranga 12 na faranga 14 ziwepo. Kabla ya kulinganisha usawa, lazima ziwepo vilevile. Kila jaribio lina sehemu tatu: kuandaa, kujaribu, kusafisha. Mpangilio wa sehemu hizo haubadiliki kamwe, lakini yaliyomo hubadilika kwa kila anayeandika. Hapo ruwaza ya Kiolezo inapata nafasi yake. Katika Kiolezo, klasi mama inaandika mpangilio wa hatua, na klasi tanzu zinajaza hatua zenyewe. Ndani ya run wakaandika hatua tatu, moja chini ya nyingine: setUp, runTest, tearDown. Mwandishi wa majaribio hazipangi mwenyewe. Anasema tu kila hatua ifanye nini.

Hapa napenda kusimama kidogo, kwa sababu ustadi umejificha kwenye uamuzi ambao msomaji wa haraka atauruka. Hatua ya setUp na hatua ya tearDown ziliachwa tupu. Zingeweza kuwekwa dhahania, na Java ingemlazimisha kila mtu kuziandika hata kama hana cha kuandaa wala cha kusafisha. Beck na Gamma waliziandika kwa mwili usio na kitu ndani. Mwenye haja anazijaza. Asiye na haja haambiwi lolote. Maelfu ya watu wameandika majaribio bila kujua kwamba kila mara kuna methodi mbili zinazoitwa na kurudi kimyakimya. Kumpunguzia mtu usumbufu ambao hatajua kamwe kwamba ameepushwa nao kunahitaji mtu aliyekwisha kukaa upande wa pili wa meza akiwa mtumiaji.

Kuna pia mahali pa tearDown. Imewekwa ndani ya kifungu cha finally, ambacho Java hukitekeleza hata kama kilichotangulia kimevunjika. Jaribio likianguka katikati, faili lililofunguliwa bado litafungwa na muunganisho wa hifadhidata bado utakatwa. Lakini matoleo ya awali yalikuwa na ufa mwembamba. Jaribio likivunjika, halafu na usafishaji ukavunjika, Java ilirusha hitilafu ya pili na kuifunika ile ya kwanza, ambayo ndiyo iliyokuwa na habari. Matoleo ya baadaye ya runBare, methodi iliyokuja kubeba hatua hizo tatu, yamelirekebisha jambo hilo kwa mistari michache. Hitilafu ya jaribio inawekwa kwanza pembeni, usafishaji unafanyika, na hitilafu ya usafishaji inachukuliwa pale tu ambapo hakuna nyingine iliyotangulia. Mwishoni, kama kuna iliyohifadhiwa, inarushwa. Sijui njia fupi zaidi ya kuisema kanuni hiyo kwa Java, na kila neno lake lina sababu ya kuwepo.

Tatu, matokeo. Jaribio limeendeshwa, nani anakumbuka lililotokea? Mtu angeweza kuiacha run irudishe jibu, lakini majaribio yakiwa mia, majibu mia yanataka kukusanywa, na kila anayeita run angelazimika kuandika ukusanyaji wake. Beck alikuwa na dawa aliyoileta kutoka kwenye kitabu chake cha ruwaza za Smalltalk, ambayo haimo kati ya zile 23. Unaunda objekti ya kukusanyia, unaipitisha kwa kila methodi inayohusika, na kila moja inaandika ya kwake. Ni kama daftari la michango ya harusi linalopita kwa wanakamati: kila mmoja anajaza mstari wake, na mwisho mhazini anajumlisha. Objekti hiyo ni TestResult, na run ikabadilika ili iipokee.

Daftari hilo linaandika kwa uchache. Jaribio lililofaulu linahesabiwa tu, basi. Maelezo yanatunzwa kwa lile lisilofaulu, na hapo kuna mgawanyo ambao nauona kuwa mojawapo ya maamuzi bora ya kiunzi kizima. Kushindwa ni jambo moja, hitilafu ni jambo lingine. Jaribio linashindwa pale mwandishi alipotarajia faranga 26 akapata 25: alilitegea jambo hilo mtego, na mtego umenasa. Hitilafu ni lile asilolitarajia kabisa, kwa mfano msimbo umejaribu kutumia objekti ambayo haipo. La kwanza linamwambia mtu kwamba hesabu yake ina kasoro. La pili linamwambia kwamba kuna kitu hata hakukifikiria. Kuyachanganya kungemnyima habari, kwa hiyo JUnit inayakamata kwa zamu. Kwanza inatazama kama kilichorushwa ni AssertionFailedError, ambayo ni alama ya dai lililokataliwa, na ikiwa ndiyo, inaandikwa kama kushindwa. Kisha inakamata kila kinachobaki na kukiandika kama hitilafu. Katikati ya hizo mbili, matoleo ya JUnit 3 yana mstari unaoiachia ThreadDeath ipite zake, kwa sababu hiyo ilikuwa ishara ya Java ya kuusimamisha uzi wa utekelezaji, na aliyeimeza ishara hiyo aliuzuia uzi usife. Kifungu cha kukamata kila kinachobaki lazima kiwe cha mwisho.

TestResult pia ina wasikilizaji. Yeyote anayetaka kujua jaribio limeanza, limekwisha, limeshindwa au limepata hitilafu hujiandikisha, naye atapigiwa. Hiyo ni ruwaza ya Mtazamaji, na kwa sababu yake kiini cha JUnit hakijui lolote kuhusu rangi wala madirisha. Sura ya maandishi huchapisha nukta moja kwa kila jaribio, na herufi F au E mambo yakiharibika. Sura ya madirisha ina upau unaokua ukiwa wa kijani na kugeuka mwekundu palipoharibika jaribio la kwanza. Zote mbili zinasikiliza daftari lilelile.

Shida ya nne ilizaliwa na suluhisho la kwanza, na hapa ndipo mjenzi asiye na subira angeharibu. Amri, kwa desturi yake, inataka klasi moja kwa kila tendo. Kujumlisha fedha kungekuwa na klasi yake, kulinganisha usawa klasi yake, kutoa klasi yake. Programu ya kawaida ingejaa makumi ya klasi ndogondogo zenye methodi moja moja, na watu wangechoka wakaacha kuandika majaribio. Kwa upande mwingine, run ni moja tu, nayo haijui habari za testSimpleAdd. Inahitajika Adapta: kitu cha kuunganisha methodi yenye jina lolote na mlango mmoja ambao kiunzi kinaufahamu.

Walitoa njia mbili. Ya kwanza ni klasi ya ndani isiyo na jina, ambayo Java inaruhusu iandikwe palepale inapotumika. Ni salama, kwa kuwa Java huikagua mapema, kabla programu haijaendeshwa, lakini ni maneno mengi. Ya pili ilitoka Smalltalk, nayo inatumia uwezo wa Java wa kujichunguza yenyewe wakati programu inaendeshwa. Kumbuka lile jina lililowekwa kwenye fName. Sasa linapata kazi ya pili: runTest inalichukua, inatafuta ndani ya klasi methodi ya wazi yenye jina hilo na isiyopokea kitu, kisha inaiita. Ukiandika new MoneyTest("testSimpleAdd"), umepata objekti inayojua kujaribu kujumlisha na haijui jambo lingine. Gharama yake ni kwamba ukikosea herufi moja ya jina, Java haitakuonya mapema. Utajua wakati wa kuendesha. Waliipima gharama hiyo, wakaikubali, na kwa asiyeitaka wakaiacha ile njia ya kwanza.

Katika njia hiyo ya pili mna faida ambayo haipigiwi debe. Kila methodi ya jaribio inapata objekti yake mpya ya MoneyTest. Majaribio kumi, objekti kumi, kila moja na nyuga zake na maandalizi yake. Faranga zilizobadilishwa na jaribio la kwanza haziwezi kulichafua la pili, maana la pili halijawahi kuziona.

Mwisho likabaki swali la wingi. Mtu akiwa na jaribio moja anaita run. Akiwa na mia tano afanyeje? Jibu lao ni ruwaza ya Jumuishi, ambayo hufanya kimoja na vingi viwe na sura moja kwa anayevitumia. Waliweka kiolesura kinachoitwa Test, chenye run na methodi ya kuhesabu majaribio. TestCase inakitekeleza. Klasi nyingine, TestSuite, nayo inakitekeleza, lakini ndani yake mna orodha ya Test. Ukiiambia iendeshe, inapita kwenye orodha na kuiambia kila moja iendeshe, huku ikipitisha daftari lilelile na kuuliza kila mara kama kuna aliyeomba kazi isimame. Kwa kuwa TestSuite nayo ni Test, inaweza kuwekwa ndani ya TestSuite nyingine. Majaribio ya moduli moja, ya moduli zote, ya programu nzima: anayebofya kitufe cha kuendesha hahitaji kujua ameshika lipi.

Kuandika orodha hiyo kwa mkono kunachosha, na mtu husahau. Kwa hiyo TestSuite ukiipa klasi, inaipekua yenyewe, inaokota kila methodi ya wazi ambayo jina lake linaanza na test, na kuiundia objekti. Sasa tazama kinachotokea mtu akiipa klasi isiyo na jaribio hata moja. Ingeweza kunyamaza, na mwandishi angeona upau wa kijani akaamini mambo ni shwari. Ingeweza kuiangusha programu yote kwa hitilafu. Haifanyi lolote kati ya hayo. Inaunda jaribio jipya papo hapo, kwa klasi ya ndani isiyo na jina, ambalo kazi yake pekee ni kushindwa na ujumbe kwamba hakuna majaribio yaliyopatikana, kisha inalitia kwenye orodha pamoja na mengine. Onyo lenyewe limefanywa Test. Linapita njia ileile, linaandikwa kwenye daftari lilelile, linaonekana pahali palepale macho ya mtu yalipo. Hawakuhitaji kuongeza mlango hata mmoja kwenye kiunzi. Kila ninapofika kwenye mistari hiyo michache napata furaha ya mtu anayeona kipande kikiingia mahali pake bila kugongwa nyundo.

Ukirudi nyuma ukaitazama TestCase baada ya hatua hizi, unakuta klasi moja imesimama ndani ya ruwaza nne kwa wakati mmoja. Ni Amri, kwa kuwa imefunga tendo. Ni Kiolezo, kwa kuwa imepanga hatua. Ni Adapta, kwa kuwa inageuza jina kuwa mwito. Ni jani la Jumuishi. Waandishi wenyewe waliuzungumzia msongamano huo, na hawakuficha upande wake wa pili: kiunzi ambacho ruwaza zake zimebanana hivyo ni rahisi kukitumia na ni kigumu kukibadilisha, kwa sababu ukigusa kona moja umegusa nne. Nadhani ndiyo sababu wengi wanaoiga ruwaza hushindwa. Wanachukua ugumu wa kubadilisha bila kuupata ule wepesi wa kutumia, kwa vile wameziweka ruwaza mahali ambapo hazikuitwa na shida yoyote.

Gharama ya ugumu huo ilikuja kulipwa. Java ilipoongeza alama za maelezo mwaka 2004, kutegemea jina linaloanza na test na kulazimika kurithi TestCase vikaanza kuonekana vizito. JUnit 4 ilitoka mwaka 2006 ikaviacha vyote viwili: klasi yoyote ya kawaida ikawa inafaa, ilimradi methodi zake ziwe na alama ya @Test, na maandalizi yawe na @Before, na usafishaji @After. Ilibidi mashine ya ndani ijengwe upya. Katika matoleo yaliyofuata, kila hatua ikawa objekti ndogo inayoitwa Statement. Ya ndani kabisa inaita methodi ya jaribio. Inayoizunguka inaendesha maandalizi kwanza. Inayoizunguka hiyo inasubiri vya ndani vimalizike, vizuri au vibaya, kisha inasafisha. Ni ruwaza nyingine kati ya zile 23, ile ya Kipambo, ambamo objekti inafunikwa na nyingine ya sura ileile yenye jambo moja la ziada. Objekti ya usafishaji huko inakusanya hitilafu zote, ya jaribio na ya usafishaji, na kuzitoa pamoja bila kuiacha moja iifunike nyingine. Urithi umeondoka, lakini kuandaa, kujaribu na kusafisha kumebaki kwa mpangilio uleule. JUnit 5 ilipofika mwaka 2017 ilibadilisha majina ya alama hizo na mengi mengine. Mpangilio haikuugusa.

Nchi zetu nazo zinaitegemea kazi hii. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Taasisi ya Regenstrief ya Indiana na mradi wa AMPATH wa Eldoret, na kuanza kutumika Eldoret mwaka 2006, umeandikwa kwa Java na hujaribiwa kwa JUnit. Leo unatumika Kenya, Uganda, Rwanda na kwingineko. Ukifungua msimbo wake utakuta klasi iitwayo PatientServiceTest, na juu yake BaseContextSensitiveTest, ambayo majaribio mengi yanairithi. Hiyo inaanzisha hifadhidata ndogo inayoishi ndani ya kumbukumbu ya kompyuta tu, inaijaza wagonjwa wa kubuni kutoka kwenye faili maalumu, inaliacha jaribio lifanye kazi yake, kisha inayatengua mabadiliko yote. Jaribio la kumsajili mgonjwa linamsajili kweli, linathibitisha kwamba yumo, na linapokwisha mgonjwa huyo hayupo tena. Linalofuata, labda la kuunganisha kumbukumbu za mgonjwa aliyeandikishwa mara mbili, linakuta orodha ikiwa kama ilivyokuwa mwanzo. Anayetaka kuongeza jambo kwenye mfumo huo, awe Eldoret, Kampala au Kigali, anatakiwa aambatanishe majaribio yake, na mengine yote yaliyokuwepo kabla yake yanaendeshwa upya kabla mchango wake haujapokewa.